Vitabu Vilivyorudi Safi Mno

Siku chache baada ya kustaafu na kurudisha funguo za maktaba nilipokea ujumbe wa Halima kutoka Sugar Land, hapa Texas. Halima ni binti wa Tanga kama mimi, ameanza juzijuzi kazi ya maktaba katika shule ya msingi huko, na ana bidii ya mtu ambaye mgongo wake bado haujaonja maboksi ya vitabu. Aliandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nina habari njema. Vitabu wanavyoazima watoto wa kwetu vinarudi safi kuliko vya watoto wote hapa shuleni. Havina doa, havina mkunjo. Nimeshawasifu mbele ya mkuu wa shule."

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikaacha kucheka, nikazima jiko, nikakaa. Nilianza kumjibu kwa simu, vidole vikachoka kabla sijafika popote, ndipo nikachukua karatasi. Jibu lenyewe ni hili. Nimemwandikia yeye, lakini ninyi wengine mnaofanya kazi hii Arlington, DeSoto na kwingineko mnaweza kusoma, hakuna siri. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mshahara mnaujua.

Nilianza kama msaidizi wa maktaba katika shule moja hapa Arlington, mwezi wa Agosti, jua likiwa kali hata usukani wa gari ukawa haushikiki bila kitambaa. Nilivaa gauni jepesi. Kumbe ndani ya maktaba kiyoyozi kilikuwa kinapiga kana kwamba tunahifadhi samaki. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimejifunika kitambaa cha meza ya maonyesho, na watoto wa chekechea wakadhani ni sehemu ya hadithi. Hilo ndilo somo langu la kwanza kazini, na nawapa bure: wekeni sweta kwenye droo, hata wakati wa joto.

Mkutubi aliyenipokea aliitwa Miss Opal, mwanamke mweusi wa hapa hapa Texas, mrefu, wa makamo, aliyekuwa na kawaida ya kutafuna barafu akiwa anafikiri. Mimi nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Muheza kabla ya kuja huku, kwa hiyo nilidhani vitabu navijua. Akaniwekea mezani kitabu kipya akaniuliza kama najua kukifungua. Nilifikiri ananitania. Nikakifungua katikati kwa mikono miwili, na kitabu kikalia kama kijiti kinachovunjika. Akatafuna barafu, akakichukua, akanionyesha kingine.

Kitabu kipya hufunguliwa kwa utaratibu. Unakisimamisha mezani kwa mgongo wake. Unalaza jalada la mbele, kisha la nyuma. Unachukua kurasa chache za mbele na kuzikandamiza kwa kidole taratibu, kutoka juu hadi chini, pale zinapoingia kwenye gundi. Unachukua chache za nyuma, unafanya vivyo hivyo. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka ukutane katikati. Baada ya hapo kitabu kinalala wazi chenyewe bila kushikwa, na mgongo haukatiki. Usipofanya hivyo kinabaki kigumu, kinataka kujifunga mkononi mwa mtoto. Maktaba nyingi hazina muda huo siku hizi, na kusema kweli hata sisi tulikuwa tukiruka maboksi mengine wakati wa msongamano. Pakumbukeni hapo, nitaparudia.

Alinifundisha mengi mengine: gundi nyeupe isiyoacha ukoko, brashi nyembamba, kipande bapa cha mfupa cha kulainishia mikunjo ambacho ninacho mpaka leo na sitamwachia mtu. Lakini kitu nilichokitumia kuliko vyote hakikuwa kifaa. "Mtoto akisoma," aliniambia, "usimtazame usoni. Uso atakuigizia. Tazama mikono." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupokea vitabu vilivyorudishwa. Nilikuwa naipenda sana, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua mambo ya watu, na kitabu kikirudi kinakusimulia kilikolala. Vingine vilirudi na jemu. Vingine na mchanga wa ufukwe wa Galveston. Kimoja kilikuwa na alama za meno ya mbwa, pale pale hadithi ilipokuwa imenoga, na nilimwelewa mbwa. Ila vya watoto wa kwetu, Wakenya na Watanzania na Wakongo, vilirudi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Safi kabisa. Vingine vilikuwa vimewekewa jalada la gazeti, kama tulivyofanya sisi nyumbani. Kichwa kilinivimba. Nikamwonyesha Miss Opal, nikamwambia ndivyo tunavyolelewa kwetu, kitabu ni kitu cha heshima.

Akatafuna barafu. "Vizuri," akasema. "Na wanavisoma?"

Swali lile lilinikaa rohoni. Na mimi nikikosa jibu situlii. Nikaanza upelelezi. Kabla kitabu hakijatoka, nilichomeka kijikaratasi chembamba kati ya kurasa mbili, ndani, pasipoonekana. Kikirudi nakitafuta. Kwa yule mtoto mwenye mbwa kilipotea kabisa. Kwa watoto wa kwetu nilikikuta pale pale nilipokiacha, mara hii na mara nyingine. Vitabu vilikuwa vinakwenda matembezi tu na kurudi.

Miaka ikapita hivyo. Miss Opal akastaafu, meza yake nikaikalia mimi, na bado sikuwa nimepata dawa. Nilijaribu mabango, nikajaribu zawadi, nikajaribu kuwaambia watoto kwamba wanaruhusiwa kuvifungua. Walinisikiliza kwa adabu zote, na kijikaratasi hakikusogea. Ndipo akaja Shiru.

Shiru alikuwa darasa la tatu, binti wa Kikenya, mwembamba, mwenye swali moja la ziada kila ukidhani amemaliza. Kwenye vitabu vyake kijikaratasi kilisogea. Mara nyingine kilidondoka nikikifungua. Maana yake kuna mtu alikuwa anageuza zile kurasa. Lakini kitabu chenyewe, cha yale maboksi tuliyoyaruka, kilikuwa kigumu kama kilivyotoka dukani, hakuna dalili ya kufunguliwa. Nilikishika juu chini, nikakinusa. Sikuelewa mtu anawezaje kusoma kitabu bila kukilegeza.

Wakati huo huo mwalimu wa darasa lake, Bi Darla, alikuwa na wasiwasi naye. Bi Darla alikuwa bado kijana, mtu mwema, anayewasikiliza watoto wake mmoja mmoja wakisoma kwa sauti. Alinieleza kwamba Shiru anaruka maneno, mengine anayabuni, na akiulizwa hadithi inahusu nini anatoa nusunusu. Alikuwa amependekeza arudie darasa la tatu, na uamuzi ungetolewa kabla ya likizo ya kiangazi. Mama yake alikuwa ameshaambiwa.

Shiru mwenyewe alijua. Siku moja alikuja akasimama karibu na tufe la dunia, akalizungusha polepole, akaniuliza bila kunitazama: "Ms. Rehema, if I stay, will the little kids be my friends?" Alikuwa ameshaanza kujipangia marafiki wa mwaka unaokuja. Nilimwambia kila mtu atataka kuwa rafiki yake. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya rafu nikapangusa macho. Mtoto yule nilimpenda, na sikuweza kumwona akibaki nyuma kwa sababu nisiyoielewa.

Nikaamua kuwaita wazazi. Niliandaa jioni ya familia pale maktabani: pizza, mazulia sakafuni, taa za meza. Barua ya mwaliko niliiandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na upande wa Kiswahili nilijivunia sana. Niliandika kwa heshima zote: "Unaombwa kufika shuleni jioni ya Alhamisi ukiwa na mtoto wako." Wazazi wa Kimarekani wakaja, Wameksiko wakaja na bibi zao. Wa kwetu walitokea wawili tu.

Wa kwanza alikuwa Baba Imani, Mtanzania mwenzangu, mhasibu. Alivaa suti nyeusi na tai, akiwa amemshika mkono kwa nguvu mwanawe Imani, aliyekuwa bado anafuta machozi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Baba Imani. Karibu, pizza hiyo hapo."

Hakuitazama pizza. "Mwalimu, kabla hatujafika mbali, naomba nimwombee kijana msamaha. Nimeshakaa naye nyumbani, nimemhoji, na amekiri."

"Amekiri nini?"

Baba Imani akarekebisha tai. "Hilo ndilo bado hatujalijua," akasema. "Lakini amekiri."

Nilipokuwa bado najizuia nisicheke, nikamwona mama yake Shiru mlangoni, amevaa sare ya hospitali ya rangi ya zambarau, funguo za gari mkononi. Shiru alikuwa nyuma yake, macho mekundu.

"Mwalimu, niko tu na dakika kidogo, naenda shift," akasema. "Kwani amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, Mama Shiru. Nimewaita tusome."

"Tusome nini?"

"Kitabu. Wewe na yeye."

Akaniangalia ahakikishe sina utani. Kisha akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Aki Mwalimu. Si ungesema? Mimi nikiona barua ya shule pressure inapanda. Na mimi ni nurse!"

Hapo ndipo nilipofunguka macho. Sisi tuliokulia kule tunajua shule inamwita mzazi kwa jambo moja tu. Ile heshima yangu yote kwenye barua ilisomeka kama hati ya kuitwa mahakamani, na watoto wawili walikuwa wamelia kwa ajili ya pizza. Nikamwuliza Mama Shiru wenzake wako wapi.

"Wako job. Wengine wamelala ndio waende job. Unajua Mwalimu, ukitaka kutupata sisi wote, usituite shule. Wewe kuja kwetu laundry, Saturday asubuhi. Hapo hakuna mtu anaweza kutoroka, nguo ziko ndani ya mashine."

Alisema kwa utani, akaondoka. Mimi sikuuchukua kama utani. Jumamosi hiyo nilipakia vitabu kwenye gari, nikaenda kwenye nyumba zao za kupanga. Meneja wa majengo alikubali mradi tusizibe mlango. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, mashine zikiunguruma pande zote mbili, harufu ya sabuni na ya chapati ya mtu, na jamii nzima niliyoikosa Alhamisi ilikuwa imekaa pale kwenye viti vya plastiki ikisubiri nguo. Nilifurahi hadi nikataka kupiga picha.

Nikapanga vitabu juu ya meza ya kukunjia nguo. Watoto wakasogea. Na wazazi, kwa sauti moja na lafudhi tofauti, wakasema: "Usiguse! Ni vya Mwalimu!" Watoto wakarudi nyuma, wakasimama wakivitazama kwa mbali. Nilisema ni vyao, waviguse. Mama mmoja akanijibu kwa upole kwamba mikono yao ina sabuni.

Nikakaa. Sikuwa na la kufanya ila kutazama. Ukutani palikuwa na tangazo refu la meneja, la maandishi madogo na makali. Bibi mmoja Mkongo, aliyefika majuzi, alikuwa amesimama mbele yake na blanketi zito mikononi. Shiru akamwendea. Akalisoma lile tangazo kutoka juu hadi chini kwa Kiingereza, bila kuruka neno hata moja, kisha akamgeukia: "Anasema usiweke viatu. Na usikalie mashine. Na hii blanket ni ya ile mashine kubwa, pale." Baadaye nikamwona akichambua sare za mama yake, akisoma vilebo vya ndani ya kola, vile ambavyo mimi mwenyewe nahitaji miwani. Huyu ndiye mtoto aliyependekezwa arudie darasa la tatu?

Nikamwita. Nikachagua kitabu kipya, cha punda aliyetoroka shambani akafuata reli ya treni, nikamwomba anisomee.

Alifuta mikono kwenye sketi, mbele na nyuma. Akakipokea kwa ncha za vidole. Akakifungua kidogo tu, upana wa kupitisha kiganja, akainamisha kichwa upande akachungulia ndani. Akaanza kusoma. Akaruka neno. Akabuni lingine. Akajikwaa. Nilikuwa karibu kumtazama usoni nimtie moyo, nikamkumbuka Miss Opal. Nikatazama mikono. Vidole gumba vyake vilikuwa vimesimama imara kwenye kingo, vikizuia kurasa zisipanuke.

Nikainama nikachungulia pamoja naye, kichwa kikigusana na chake. Kila mstari wa ukurasa wa kushoto ulizama kwenye mkunjo kabla haujaisha. Kila mstari wa ukurasa wa kulia ulianzia gizani. Maneno aliyoyaruka yote yalikuwa hayo. Si kwamba yalimshinda; hakuwa anayaona. Mtoto alikuwa amesoma mwaka mzima hadithi zisizo na katikati, na pengo akalijaza kwa akili yake mwenyewe. Na tangazo la ukutani, na kilebo cha nguo, havina mkunjo.

"Shiru, mbona hukifungui?"

"I did open it."

"Zaidi ya hapo."

Akatazama upande wa mama yake, akanong'ona. "Then the back breaks. And they'll call Mom."

Nikakichukua kile kitabu nikakisimamisha kwa mgongo juu ya kifuniko cha mashine. Mashine ilikuwa inazungusha nguo, kwa hiyo kurasa zilitetemeka zote. Nikalaza jalada la mbele, Shiru akajifunika macho kwa viganja. Nikalaza la nyuma. Nikakandamiza mbele, nikakandamiza nyuma, taratibu, mpaka nikafika katikati. "Fumbua macho," nikamwambia. Kitabu kilikuwa kimelala wazi chenyewe. Akakigusa mgongo kwa chini, akapapasa kama anatafuta jeraha, asilione.

"Haya, soma."

Akasoma. Mwanzoni polepole, akisimama pale pale alipozoea kusimama, kisha akagundua kwamba neno lipo. Akaongeza mwendo. Punda akavuka daraja, punda akanyeshewa, sauti ya Shiru ikapanda juu ya mngurumo. Upande wa pili wa chumba mama yake alikuwa ameshika shuka kwa pembe mbili akitaka kuikunja. Aliisahau mikononi.

"Huyo ni Shiru?" akaniuliza.

"Ni yeye."

"Amejua kusoma hivyo lini?"

Nikamwonyesha. Nikakishika kitabu kama mtoto alivyokishika, nikamwambia achungulie. Alichungulia muda mrefu. Kisha akakaa juu ya kikapu cha nguo.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Hapana."

"Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye nimemwambia kila siku, usivunje mgongo, usikunje, ukimaliza rudisha kwa paper bag ya plastic. Sisi huko shule kitabu ilikuwa moja, tunasoma watu wengi, na mimi ndio nilikuwa nakaa nayo nyumbani. Siku moja page ikararuka. Nilichapwa mbele ya parade, shule yote ikiona. Mpaka wa leo nikisikia karatasi ikiraruka naangalia nyuma kama kuna mtu ameona." Akapangusa uso kwa ile shuka. "Nilikuwa namkinga tu."

Nilimwambia hata mimi nilijisifia vitabu safi mbele ya bosi wangu, tena kwa sauti. Tukakaa pale kwenye vikapu, Mtanzania na Mkenya, tukimsikiliza mtoto, na mashine ya Mama Shiru ikamaliza kufua bila mtu kuitazama.

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Darla nikiwa na kitabu kigumu mkononi. Hakununa, na namheshimu kwa hilo. Alikichungulia, akafumba jicho moja, akafungua kapu lake la vitabu vidogo vya darasani akavijaribu kimoja baada ya kingine, navyo vilikuwa vigumu vile vile. Kisha akamwita Shiru, akamlazia kitabu wazi mezani, akamsikiliza upya, na safari hii macho yake yalikuwa kwenye mikono. Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka siku hiyo. Shiru alikuwa na mazoea ya kubahatisha maneno, na ilibidi kuyaondoa kwa kazi, darasani na pale kwenye chumba cha kufulia. Lakini kabla ya kiangazi Bi Darla alikuja maktabani mwenyewe kunieleza kwamba amelifuta pendekezo lake. Shiru alikuwa anakwenda darasa la nne na marafiki zake wale wale.

Jumamosi za kufua zikawa kazi yangu ya kudumu. Nilianza kuwapelekea maboksi ya vitabu vipya kabla havijaingia rafuni, wavifungue wao, mzazi na mtoto, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nilikuwa na sababu. Mtu aliyekilegeza kitabu kwa mikono yake hakiogopi tena. Baba Imani alikuja na miwani ya kusomea na akawa mkali kuliko Miss Opal, anawapitia wenzake: "Dada, hapo umeruka kurasa." Siku moja kitabu kilifuliwa pamoja na mashuka ya watu. Chumba kizima kikanigeukia. Nikakitoa kikiwa kinachuruzika, nikasema angalau hiki ndicho safi kweli. Baba Imani alianza kucheka, wengine wakafuata, na nadhani siku hiyo niliwapata wazazi wengi kuliko kwa barua zangu zote. Vile vijikaratasi vyangu vikaanza kupotea.

Basi Halima, usiwaulize watoto kama wanasoma. Watakujibu unachotaka, wamefundishwa adabu. Chomeka kijikaratasi, kisha ujue wazazi wao wanasubiri wapi nguo zao. Na kama unataka kujua vitabu vyako virudije, nimalizie kwa kile cha punda.

Shiru alikuwa ameshaanza darasa la nne. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani, nikasikia mtu anabisha kwenye mlango ulio wazi. Alikuwa Mama Shiru, na sare yake ya zambarau, na mkononi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Nilipouona ule mfuko nilivunjika moyo. Nikafikiri tumerudi kule kule tulikotoka. Shiru alisimama kando yake, amekunja mikono, amekasirika.

"Mwalimu, nimekuja mwenyewe," akasema. "Usimlaumu mtoto."

Nikafungua fundo. Kilikuwa kitabu cha punda, na kilikuwa katika hali mbaya kuliko kile cha mbwa. Jaladani palikuwa na duara la kikombe. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa chai ya maziwa, katikati palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta, na kurasa za mwisho zilikuwa zimegandana zote pamoja. Kilikuwa kinanuka tangawizi. Nilikishika kwa mikono miwili nikakigeuza juu chini, na yeye akadhani nimekasirika.

"Ni mimi," akasema haraka. "Nilitoka shift, nikapika chai, nikasema wacha nisome kidogo tu, page moja. Nikalala nayo. Nikaamka chai iko kwa kitabu."

"She read ahead," Shiru akasema. "We were supposed to read it together. She went ahead without me."

"Nilitaka tu kujua kama huyo punda atarudi nyumbani!" Mama yake akanigeukia, na uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeitwa shule. "Na sasa page za mwisho hazifunguki. Mwalimu, wewe unajua. Alirudi?"

Nilijua. Hadithi ile nilikuwa nimeisoma kwa sauti mara nyingi, mwisho wake ulikuwa mdomoni kabisa. Nikaumeza. Nikakiweka kile chenye chai juu ya meza yangu, nikaenda nyuma kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, nikarudi na nakala mpya nikampa.

"Kaa usome," nikamwambia.

Akatafuta pa kukaa. Viti vilivyokuwepo vilikuwa vya watoto wa darasa la kwanza. Akakaa hivyo hivyo, magoti juu, pochi sakafuni. Kitabu kilikuwa kipya kabisa, kinang'aa, kinanukia gundi, na mikono yake ikasahau kila kitu ilichojifunza Jumamosi. Alikifungua kidogo tu, upana wa kiganja. Vidole gumba vikasimama kwenye kingo. Akainamisha kichwa achungulie.

Shiru alikuwa bado amenuna. Lakini aliiona ile mikono. Akavuta kiti kingine, akakaa karibu na mama yake, akaviondoa vidole gumba vile kimoja kimoja.

"All the way, Mom," akasema. "It doesn't break."

Kisha akaweka kiganja chake katikati ya kitabu, akakandamiza.